Baada ya Kijani Hakuna Rangi

Mama Ekiru tulimzika Lodwar mwaka huu, katika wiki ya joto ambayo hata mbuzi walikataa kutoka kivulini, na kabla udongo haujamfunika nilikuwa nimekwisha kusikia maneno ya kunitosha hasira ya mwaka mzima. Mchungaji alisema marehemu alijaliwa afya njema miaka mingi, na kwamba mwili wake mwenyewe ulikuwa ushahidi wa baraka. Afisa aliyetumwa kuleta rambirambi akasema kisukari ni ugonjwa wa watu wa mijini wenye magari, na huku kwetu haijulikani uliingilia wapi. Kisha, nyuma yangu, wanawake wa kikundi chake cha kanisa wakaanza kusimuliana kwa sauti ya chini jinsi walivyomhudumia. Alipoanza kukonda, mifupa ya shingo ikatokeza juu ya shanga, walijua kuna jambo. Wakapanga zamu. Wa Jumatatu alileta uji wenye sukari, wa Jumanne chapati, wa Jumatano mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa, na kila aliyepita alibeba soda, kwa sababu mgonjwa alikuwa na kiu isiyokatika. "Hatukumwachia njaa," mmoja alisema. "Tulimlisha mpaka ile siku walimkata mguu." Wenzake wakaguna kuitikia, kama watu waliotimiza wajibu wao.

Nilishika kiti kwa mikono miwili nisisimame. Miaka yote mwili ule ulipokuwa ukiongezeka, hakuna aliyeona mgonjwa. Siku ulipoanza kupungua, ndipo mji mzima ulipoona ugonjwa, ukaukimbilia na sukari mkononi. Siwezi kuwakasirikia wanawake wale. Walimpenda, na walimwua kwa kile ambacho kwao ndicho kipimo cha upendo. Huku Turkana tunaijua njaa kama tunavyomjua jirani mkorofi: tunaitambua kwa hatua zake, kwa rangi ya nywele za watoto, kwa jinsi mbwa wanavyonyamaza. Wazee huhesabu umri wao kwa ukame. Lakini unene uliokithiri hatujaupa hata jina la lawama, na anayeutaja huonekana mtu wa wivu. Basi hasira yangu ilizunguka makaburini ikitafuta pa kukaa, na mwishowe ikamkalia mtu mmoja ambaye aliwahi kulipwa mshahara ili auambie mji huu jambo hili, na akalisema vibaya. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka huo nilikaa katika nyumba ya Mama Ekiru.

Nyumba ilikuwa nyuma ya hoteli yake, na hoteli ilikuwa banda la mabati lenye meza nne na benchi zilizong'arishwa na makalio ya wateja. Chumba changu kilikuwa pia ghala. Nililala kati ya magunia ya unga wa ngano na katoni za mafuta ya kupikia, na nilipogeuka kitandani niliweza kugusa ukuta wa sukari. Kulipopambazuka karai lilikuwa limekwisha kuchemka, na mandazi ya kwanza yaliingia mafutani kwa sauti kama ya mvua, ile tunayoisikia mara chache. Mama Ekiru aliketi kwenye kiti kimoja tu, kiti cha chuma alichochomelewa na fundi baada ya vile vya plastiki kuvunjika, na kutoka hapo alitawala yote: karai, birika, wateja, redio. Chai yake ilikuwa na sukari mpaka midomo inanata. Mteja aliyeomba ipunguzwe aliulizwa kama ana kesi mahakamani inayomkosesha hamu. Kifungua kinywa changu kilikuwa mandazi manne, na nikiacha moja aliliangalia kama mtu aliyetukanwa. Mboga za kunde zilizotoka mashamba ya Katilu zilipita mlangoni vichwani mwa wanawake, naye hakuzinunua. Majani, alisema, ni ya mbuzi na ya watu ambao Mungu amewasahau.

Ilinichukua miezi miwili kuelewa. Jina lake la mama alilipata kwa mtoto wa kwanza, Ekiru, na Ekiru hakuwepo. Walitoka Lowarengak, kando ya ziwa, mwaka ambao mifugo iliisha na samaki nao wakaenda mbali na pwani. Alimbeba mtoto mpaka kituo cha lishe, na huko wakawazungushia mikononi utepe wenye rangi tatu, mama na mtoto. Nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani ni salama. Wote wawili walisoma nyekundu. Yeye alirudi kijani baada ya wiki nyingi, Ekiru hakurudi. Alinisimulia haya akipepeta unga, bila kuinua macho, kisha akaniuliza kama bado nina nafasi ya chapati. Ester, binti aliyezaliwa baadaye, alikuwa shule ya bweni Lokitaung, na kila ndazi lililouzwa lilikuwa la kumweka huko. Nilipomtazama Mama Ekiru tangu siku hiyo sikuona mwili mnene. Niliona ukuta ambao mwanamke mmoja alijenga, tonge kwa tonge, ili njaa isimfikie tena.

Na utepe ule ule ndio uliokuwa kazi yangu. Miezi ya mwanzo shirika lililoniajiri lilinituma kupima watoto na wajawazito, na jioni nilirudi na tepe mfukoni. Ijumaa moja Mama Ekiru alinyoosha mkono akasema nimpime. Ulikuwa mchezo, ukawa desturi. Wateja waliacha vikombe wakasogea kutazama. Utepe ulizunguka, ukapita nyekundu, ukapita njano, ukapita kijani, na ncha zake hazikukutana. "Nimemaliza kijani," alitangaza. "Andika huko ofisini kwenu. Mama Ekiru amemaliza kijani, leteni rangi ingine." Banda zima likacheka, nami nikacheka. Leo ombi lake silioni kuwa la mzaha. Nani alitengeneza kipimo ambacho hatari yake iko upande mmoja tu? Tulizunguka wilaya nzima tukifundisha watu kwamba mkono ukizidi kuwa mnene ndivyo mtu anavyozidi kuwa salama, na hatukumwambia yeyote kwamba salama ina ukingo, na kwamba ng'ambo ya ukingo huo kuna shimo.

Katikati ya mwaka akaja mratibu kutoka Nairobi na mradi mpya wa kuelimisha umma kuhusu unene na jinsi ya kuuzuia. Nilidhani jibu limefika. Mafunzo yalifanyika siku tatu katika ukumbi wa hoteli yenye viyoyozi. Saa nne tulikunywa chai kwa soseji na keki. Saa saba tulikula wali, chapati, viazi vya kukaanga na nyama ya aina mbili. Saa kumi tukaletewa mandazi na soda, huku tukifundishwa hatari ya mafuta na sukari. Hakuna aliyecheka. Mabango yaliyofunguliwa yalikuwa na picha ya mzungu mnene akila mkate uliojazwa nyama na jibini, na kando yake tufaha jekundu. Lodwar nzima huwezi kununua mkate ule, na tufaha likifika kutoka Kitale bei yake inalisha watoto watatu ugali. Mnunuzi maskini wa mji huu hununua kilicho rahisi, kisichooza katika joto: unga mweupe, sukari, mafuta. Dukani utakosa maji safi na utapata soda baridi. Niliinua mkono nikauliza kama tungeweza kuchora karai, birika la chai na samaki wa ziwani badala ya tufaha. Mratibu, mtu mpole mwenye viatu safi, akasema mabango yamekwisha kuchapishwa.

Tulianzia Kakuma, kambini. Mwenzangu wa huko alikuwa Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu aliyeuza vitambaa na kuimba kwaya. Tulitundika mzungu wetu kwenye mti wa mkwaju mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa chini, na nikaanza kutafsiri kwamba wapunguze chakula. Mwanamke mmoja akasimama, kadi yake ya mgao mkononi. Alisema mgao umekatwa, tena na tena, na sasa mmepanda gari lenye bendera kuja kutuambia tule kidogo. Kama mna aibu, alisema, mtaondoka kabla sijaanza kulia. Alikuwa na haki kwa kila neno. Lakini pale pale mbele yangu niliona miguu iliyofura juu ya malapa, wanawake waliohema kwa kuinuka tu, kwa sababu mtu anaweza kukosa chakula na bado akanenepa kwa kile kidogo anachopewa, kikiwa ni unga na mafuta kila siku ya Mungu. Achol akanitazama. "Kalas," akasema, imetosha, akaling'oa bango akalikunja. Akatoa kamba ya kufungia mizigo. Hakumtaja mtu yeyote mnene. Alisema kila mmoja aende nyumbani kwa jirani yake, wafunge mlango, ajipime urefu kwa kamba, aikunje kamba katikati, kisha aizungushe kiunoni. Ikifika, mshukuru Mungu. Isipofika, njoo kwangu peke yako, tuongee habari ya sukari kwenye chai na kijiko cha mafuta, na twende wote zahanati tupime presha. Wiki ile walimjia wanawake zaidi ya alioweza kuwaketisha, na yule wa kadi ya mgao alikuwa mmoja wao.

Ilinipasa kujifunza hapo. Nilirudi Lodwar na kamba, na kweli, Mama Ekiru alikubali. Tulifunga mlango wa ghala, tukapima kati ya magunia. Kamba haikukaribia. Hakutania safari hii. Alikaa juu ya gunia la sukari akaniambia kwamba anaamka mara nne kwenda chooni, na kuna siku macho yanaona ukungu hadi jua lipande. Kesho yake nilimsindikiza kituo cha afya. Tulisubiri kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Daktari kijana, ambaye huku huitwa daktari hata akiwa muuguzi, alimzungushia mkanda wa kupimia presha, ukaachia kwa mlio. Akajaribu tena, ukaachia. Akasema mkono ni mkubwa kuliko mkanda na hawana mwingine. Vijiti vya kupimia sukari navyo vimekwisha. Mama arudi Jumatatu, huenda vitaletwa. Hakusema kwa dharau. Alikuwa amechoka. Nakumbuka tu jinsi Mama Ekiru alivyoshusha mkono wa gauni lake polepole, akitazama ukutani, mtu ambaye nyumba nzima ya tiba ilikuwa imemwambia kwamba haikujengwa kwa ajili yake. Lakini aliahidi: Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya sherehe ya mradi, sokoni. Mratibu alitaka kitu cha kuvuta watu, akaniomba niandike igizo. Niliandika kwa siku moja, nikiona raha. Kijana mmoja alijifunga mito miwili chini ya gauni akawa mama mwenye hoteli, anayekula kila anachopika, ambaye kiti kinavunjika chini yake na ambaye anakwama kwenye mlango wa choo hadi majirani wanamvuta kwa kamba ya ngamia. Nilijiambia kwamba simwandiki mtu. Nilijidanganya; hata jinsi ya kushika mwiko nilimfundisha kijana yule kama nilivyoiona kila asubuhi. Soko likacheka mpaka watu wakashikana mabega. Na yeye alikuwepo. Alikuwa amekuja na ndoo ya mandazi aliyotupikia bure, sisi waigizaji, kwa sababu mimi ni wa nyumbani. Kijana mmoja wa bodaboda alimwona akapaza sauti, Mama Ekiru, kumbe umekuwa staa. Watu wakageuka. Naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, akawagawia mandazi waliokuwa karibu, akaondoka kwa hatua zake fupi huku ndoo ikimgonga gotini.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha chuma, karai limezimwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa hiyo ya alasiri. Nilianza kusema kwamba lilikuwa igizo tu. Aliinua kiganja.

"Akai, mwanangu. Umekula kwangu?"

"Nimekula, mama."

"Hii mwili imekukosea nini?"

Akangoja, kisha akaendelea bila kupandisha sauti. "Kama ni ugonjwa, ungeniambia ni ugonjwa. Ile siku ya kamba uliniambia, na mimi nilisikia. Leo umesema ni kichekesho. Sasa nikienda Jumatatu kukaa kwa ile benchi, watu wataona mgonjwa ama wataona ile ya choo?"

Jumatatu hakwenda. Nilimbembeleza, nikamwomba msamaha, naye alinisamehe upesi mno, kwa namna inayofunga mlango. Aliendelea kunipa mandazi manne. Hakuninyooshea mkono tena siku ya Ijumaa. Mwaka ulipoisha mkataba wangu uliisha nao, na ripoti ya mradi ikatoka, karatasi nzito zenye kung'aa. Jaladani walikuwa watu wa sokoni, vichwa nyuma, meno nje, na chini yake maneno kwamba jamii ilipokea ujumbe kwa furaha. Niliwahi kuisoma ripoti ile mara moja na kuitupa. Ningependa kuwaambia waandishi wake, na mimi nikiwa mmoja wao, kwamba hakuna mtu aliyewahi kupona kwa kuchekwa. Aibu haipunguzi kiuno. Humwondoa mgonjwa kwenye foleni na kumrudisha gizani na birika lake, na sisi tulioitia aibu jina la elimu tunapanda gari na kwenda wilaya nyingine.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku ya maziko, sahani ya wali na nyama ikiwa magotini. Ester alikuja kuketi kando yangu. Nilikuwa simjui vizuri. Ni mwanamke mzima sasa, mwalimu, na ana umbo la mama yake, pumzi pia. Nilimwambia yote, mito, mlango wa choo, ndoo ya mandazi, haraka haraka kama mtu anayetapika. Alisikiliza akipepea nzi juu ya sahani yangu.

"Mama alinisimulia zamani," alisema. "Alisema Akai alikuwa na ukweli, lakini aliupitisha sokoni kabla ya kuuleta nyumbani."

Wanawake wa kikundi walikuwa wakipita na sufuria, wakituongezea bila kuuliza. Ester alifunika sahani yake kwa kiganja, wakashangaa wakaenda kwa wengine. Kisha akasema, akitazama miguu yake ndani ya viatu vya msibani, kwamba inawaka moto tangu Krismasi, kama mtu amekanyaga jivu la moto. Hajamwambia mtu. Baada ya siku tatu ataenda kupimwa, na angependa mtu wa kukaa naye.

"Nitakuja," nilisema. "Nitaongea na daktari, nitamweleza kwamba..."

"Hapana. Utakuja, utakaa. Basi."

Kwa hiyo nilikaa. Benchi ilikuwa imejaa akina mama wenye watoto, ukuta umepakwa rangi mpya. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili, mnene naye, mwenye kitenge cha njano, alimkagua Ester kuanzia kichwani hadi miguuni, akamsalimu ejok, kisha akauliza kwa utani, kwa sauti ya kusikika na benchi nzima, kwamba mtu mwenye mwili mzuri hivi anaumwa nini, ama amekuja kugawia wengine. Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa na hotuba nzima, iliyochacha kwa miaka. Ester aliweka mkono juu ya goti langu, akaubonyeza.

"Nimekuja kupima sukari," alimwambia. "Mama yangu tumemzika Ijumaa. Alikuwa na mwili kama wangu na kama wako, na hakupimwa mapema. Wewe umepima?"

Kicheko kilikatika. Mwanamke wa kitenge cha njano alimtazama, akatazama mlango, akavuta kitenge juu ya tumbo kisha akakiachia. Alionekana kama mtu anayehesabu mambo yake mwenyewe, mambo ya chooni na ya macho. Mwishowe akainuka kutoka upande wake, akavuka kuja kwetu, akainama karibu na sikio la Ester.

"Hiyo ya sukari ni mlango gani?"

Ester akamwonyesha kwa kidevu. Mimi nikasogea kwenye benchi, apate mahali pa kukaa.